Unangoja kibali cha kazi Dubai? Hesabu siku zako kabla hazijakuhesabu

Kila mara karibu na Ramadhani simu yangu huanza kulia. Mara ni jirani wa Kibokoni, mara ni mwenzangu wa darasa la Kisauni, mara ni mama nisiyemjua aliyepewa nambari yangu na mtu msikitini. Swali ni moja: “Kijana wangu yuko Dubai, kazi ashapata, lakini viza inaisha na kibali bado. Afanyeje?”

Nimeamua kuandika jibu mahali pamoja, ili anayehitaji alisome na kulipeleka kwa mwenziwe. Mimi mwenyewe nimepitia kungoja huko mwaka 2024. Nimeona pia vijana wetu wazuri, wenye bidii, wakiharibikiwa kwa mambo madogo ambayo mtu angewaeleza mapema yangewaepusha. Haya ninayoandika yanahusu Falme za Kiarabu, maana huko ndiko wengi wetu wa pwani huenda kwa viza ya matembezi kisha wakatafuta kazi wakiwa huko huko. Saudia, Qatar na Oman zina sheria zao. Usichukue haya ukayatumia kule.

Karatasi tatu zisizofanana

Kosa la kwanza ni kuchanganya karatasi. Kuna tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni viza ya matembezi, nayo kwa kawaida ni ya siku 30 au siku 60. Inakuruhusu kuwepo nchini. Unaweza kutembea, kutuma maombi ya kazi na kwenda kuhojiwa. Kufanya kazi hairuhusu, hata kwa saa moja.

Ya pili ni kibali cha kazi, na anayekiomba ni mwajiri, si wewe. Kampuni ya kawaida hukiomba kwenye Wizara ya kazi ya huko, ambayo kila mtu huiita kwa herufi zake, MOHRE. Kampuni iliyo ndani ya eneo huru la biashara hukipata kwa mamlaka ya eneo hilo. Kwa hivyo uliza mapema mwajiri wako yuko upande gani, ndipo utakapojua pa kuulizia.

Ya tatu ni ukaazi, unaoandamana na kitambulisho cha Emirates ID. Huu ndio unaokufanya mkaazi. Dubai hushughulikiwa na idara ya uhamiaji ya GDRFA, na falme nyingine sita ziko chini ya mamlaka ya ICP.

Barua ya ofa si kibali cha kazi, na kibali cha kazi si ukaazi. Kijana akikwambia “nishapata karatasi”, muulize ni karatasi gani katika hizo tatu.

Siku huhesabiwa vipi

Viza yako ina muda wa aina mbili. Mmoja ni wa kuitumia kuingia nchini, na mwingine ni wa kukaa ukishaingia. Watu huusoma ule wa kwanza wakadhani ndio wa kukaa. Siku zako za kukaa huanza kuhesabiwa siku uliyopita uhamiaji uwanja wa ndege. Ukiingia, ingia pia kwenye tovuti ya GDRFA au ICP, kutegemea ni nani aliyekutolea viza. Weka nambari ya viza na ya pasipoti, uone tarehe ya mwisho. Iandike na uibandike ukutani juu ya kitanda chako.

Zamani watu walizoea siku 10 za nafuu baada ya viza kuisha. Usizitegemee, zimeondolewa. Tangu Oktoba 2022 faini ya kupitisha muda ni dirhamu 50 kwa kila siku. Ukipitisha siku 20, hiyo ni dirhamu 1,000, karibu shilingi 35,000 za kwetu. Ukipitisha miezi mitatu unakaribia dirhamu 4,500, na bado hujalipa kitanda wala chakula. Wakala aliyekutolea viza naye anabanwa kwa ajili yako, na huenda akakuripoti kuwa umetoroka. Hapo mambo huwa mazito zaidi ya faini.

Siku hizo hazisimami kwa sababu ofisi zimefungwa. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki ya serikali ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Sharjah, Ijumaa yote imefungwa. Ramadhani saa za kazi hupunguzwa, na Iddi hufungwa siku kadhaa mfululizo. Kijana mwenye siku 10 zilizobaki kabla ya Iddi huenda kwa kweli ana siku nne tu za kazi.

“Nishaomba” si kinga

Hapa ndipo wengi huanguka, na mimi nilikuwa nianguke.

Niliingia Dubai tarehe 18 Februari 2024 kwa viza ya siku 60. Katikati ya Machi nilipata ofa ya karani wa ghala. Mtu wa ofisi yao akaniambia nitulie, karatasi ziko njiani. Mwanzo wa Aprili kibali kilikuwa bado. Nikampigia mtoto wa ami yangu aliyeko London, mtu mwenye uzoefu wa mambo ya uhamiaji. Akaniambia, “Ndugu yangu, tulia. Madhali maombi yameingia kabla ya viza kuisha, uko salama.”

Hakunidanganya. Alisema kweli ya Uingereza. Kule, kifungu cha 3C cha sheria ya uhamiaji ya mwaka 1971 kinamlinda aliyeomba kuongezewa ruhusa kabla ile aliyonayo haijaisha. Ruhusa ya zamani huendelea, na masharti yake, mpaka jibu litoke. Canada nako, aliyeko kihalali akiomba kuongezewa muda kabla haujaisha, huruhusiwa kukaa hadi maombi yaamuliwe. Ndiyo maana ndugu zetu walioko huko husema maneno hayo kwa nia njema kabisa.

Falme za Kiarabu haziendi hivyo. Maombi ya kibali cha kazi yaliyowekwa na mwajiri hayaongezi hata siku moja kwenye viza yako ya matembezi. Saa inaendelea mpaka kibali kitoke na hadhi yako ibadilishwe kwenye kompyuta ya uhamiaji.

Nilichofanya ni kwenda kwenye ofisi moja ya kuchapa maombi huko Deira. Nikamwomba karani aniangalizie nambari ya maombi yangu. Akaniuliza, “Nambari gani?” Nikampa barua ya ofa. Akaitazama, akaigeuza, akaniambia haina nambari ya wizara wala msimbo wa kuhakikishia. Ilikuwa karatasi ya kampuni tu, yenye muhuri wa kampuni. Hakuna maombi yoyote yaliyokuwa yamewekwa. Nilikuwa nimengoja majuma matatu kitu ambacho hakikuwepo.

Tangu siku hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kila mtu ni huu: usiulize “karatasi zimefika wapi?” Omba nambari ya maombi, kisha uikague mwenyewe kwenye tovuti ya wizara au ofisini. Mwajiri wa kweli hatachukia. Akikuzungusha siku tatu bila kukupa nambari, jihesabu kwamba huna kazi bado, na uendelee kutafuta.

Hatua zinavyofuatana

Mambo yakienda sawa, mpangilio ni huu kwa kampuni zilizo chini ya wizara:

1. Unapewa ofa rasmi iliyosajiliwa, unaisoma na kuitia sahihi. Mshahara, kazi na siku za mapumziko ziwe zimeandikwa humo. Wengi wetu tumesoma Kiarabu cha chuoni, lakini Kiarabu cha mkataba ni kingine. Soma upande wa lugha unayoielewa, neno kwa neno.

2. Wizara inaidhinisha kibali cha kazi, kisha inatoka ruhusa ya kuingia kwa ajili ya kazi.

3. Kama uko nchini kwa matembezi, hadhi yako inabadilishwa bila kutoka, kwa ada. Baadhi ya waajiri hutaka mtu atoke na kuingia tena. Hili liulize tangu mwanzo.

4. Kuanzia hapo una siku 60 za kukamilisha yaliyobaki: kipimo cha afya, alama za vidole za Emirates ID, mkataba na ukaazi wenyewe. Kipimo cha afya hutazama maradhi kama kifua kikuu na virusi vya Ukimwi, na majibu yanaweza kuzuia ukaazi. Ni bora ujipime kwetu kabla ya kusafiri kuliko kupata habari ugenini.

Nani analipa? Sheria ya kazi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Sheria hiyo hiyo inamkataza kukushikia hati zako. Anayekwambia ulipie kibali chako mwenyewe, au uache pasipoti “kwa usalama”, anavunja sheria.

Kazi ya majaribio

Hili naliandika kwa uchungu. Mwenzangu wa chumba, kijana wa Likoni, mpishi hodari, aliambiwa na mkahawa mmoja: “Njoo utujaribie siku tatu, ukitufaa tunakutolea kibali.” Siku tatu zikawa juma, juma likawa mwezi. Wakaguzi walipoingia, yeye ndiye aliyekutwa jikoni na aproni. Alirudishwa nyumbani. Mamake alikuwa ameuza bangili zake kumpatia nauli.

Kwa sheria ya huko, kufanya kazi bila kibali ni kosa, iwe unalipwa au hulipwi, iwe siku moja au mwezi. Tangu mwisho wa Agosti 2024 adhabu kwa mwajiri anayeajiri mtu bila kibali imepandishwa, nayo sasa ni faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Usidhani uzito huo unamwangukia mwajiri peke yake. Wewe nawe unakabiliwa na faini, kurudishwa, na huenda jina lako likafungiwa kuingia tena. Na mshahara wa mwezi ule utaudai wapi, ilhali huna mkataba?

Ukiambiwa kuhusu majaribio, jibu kwa adabu: “Niko tayari kujaribiwa kibali kikitoka.” Sheria tayari inampa mwajiri hadi miezi sita ya majaribio baada ya kukuajiri. Hana sababu ya kukujaribu kwa siri.

Siku zikikaribia kuisha

Siku ya 15 kabla ya mwisho wa viza, kaa chini uamue. Njia ni tatu.

Kwanza, kuongeza muda. Viza nyingi za matembezi huweza kuongezwa siku 30 kwa ada, mradi uombe kabla haijaisha, na kuna kikomo cha kuongeza. Mimi ndiyo niliyoichagua. Nilikopa kwa mwenzangu, nikaongeza muda tarehe 4 Aprili, kabla ofisi hazijafungwa kwa Iddi. Viza yangu ya mwanzo ingeisha tarehe 17. Tarehe 16 ikanyesha ile mvua kubwa iliyofurika Dubai, safari za ndege zikavurugika, na watu wakalala uwanjani. Niliwaza: lau ningepanga kuondoka siku ya mwisho kama wengi wanavyofanya, ningekuwa mmoja wao. Usiweke jambo lolote siku ya mwisho.

Pili, kutoka na kuingia kwa viza mpya. Wengine huenda Oman kwa njia ya nchi kavu, wengine kisiwa cha Kish kilichoko Iran, wengine hupanda ndege kwenda uwanja wa nchi jirani na kurudi. Kabla hujanunua tikiti, hakikisha pasipoti ya Kenya inakubaliwa huko bila viza au kwa viza unayoweza kupata. Jiulize pia utafanya nini viza mpya ikichelewa au ikikataliwa ukiwa huko nje. Asiye na akiba ya majuma mawili asiijaribu njia hii.

Tatu, kurudi nyumbani. Najua uzito wake. Familia imechanga, shamba limewekwa rehani, mtaa mzima unajua umekwenda Dubai. Lakini mtu aliyerudi na pasipoti safi anaweza kuitwa tena, na kibali kinaweza kutolewa akiwa Mombasa. Aliyebaki miezi minane bila karatasi hajaepuka aibu. Ameiahirisha tu, na kila siku inaongezeka dirhamu 50. Wazazi, nawaomba: mtoto akipiga simu kusema anarudi kabla viza haijaisha, msimwambie “vumilia”. Mwambieni “karibu nyumbani”.

Walioachishwa kazi wakiwa huko

Wapo waliokuwa na ukaazi, kazi ikaisha, sasa wanangoja kibali cha mwajiri mpya. Ukaazi ukifutwa unapewa muda wa nafuu. Tangu mwaka 2022 muda huo umeongezwa, na kwa baadhi ya daraja hufika siku 180, lakini si kwa wote. Tarehe yako hasa iangalie kwenye karatasi ya kufuta ukaazi na kwenye tovuti ya uhamiaji. Usiichukue kwa mwenzako. Na katika muda huo wa nafuu usianze kazi mpya kabla kibali kipya hakijatoka. Kuruhusiwa kukaa si kuruhusiwa kufanya kazi.

Ukishapitisha muda

Usijifiche. Faini inayojulikana ni bora kuliko faini inayokua. Angalia deni lako kwenye tovuti, na kama unaweza, lilipe na uondoke au ubadilishe hadhi kwa njia rasmi. Kama umeripotiwa kutoroka, au huna pasipoti, nenda ubalozi wetu ulioko Abu Dhabi au ubalozi mdogo wa Dubai.

Usikae ukingoja msamaha. Ni kweli serikali ya huko ilitoa msamaha mwaka 2018, na tena kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Desemba 2024, watu wakasamehewa faini na kuruhusiwa kuondoka bila kufungiwa au kurekebisha mambo yao. Hakuna anayejua msamaha mwingine utakuja lini, au kama utakuja.

Kabla hujatoka Mombasa

Njia bora kuliko zote ni kupata kibali ukiwa hapa nyumbani, uingie Dubai kwa ruhusa ya kazi. Hapo hakuna siku za matembezi za kuhesabu. Ukipitia wakala, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Orodha yao ni ya wazi kwa kila mtu.

Wenye shahada wajue kuna viza ya mtafuta kazi iliyoanzishwa mwaka 2022, ya siku 60, 90 au 120, isiyohitaji mdhamini. Ina masharti ya elimu, nayo pia hairuhusu kufanya kazi, ila hukupa nafasi ya kutafuta bila haraka.

Dada zetu wanaokwenda kazi za nyumbani wasikubali kabisa viza ya matembezi. Kazi hiyo ina sheria yake ya mwaka 2022 na ofisi zake zenye leseni. Anayekwambia “ingia kwa matembezi, tutabadilisha huko” anakuweka mahali ambapo sheria hiyo itakuwa vigumu kukufikia.

Wengine wote, bebeni hivi: vyeti vya masomo vilivyothibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wao ulioko Nairobi, kama kazi inavihitaji, cheti cha tabia njema kutoka DCI, nakala za pasipoti, moja ukimwachia mtu nyumbani, na pesa ya tikiti ya kurudi, ambayo haiguswi hata njaa ikiuma.

Mimi kibali changu kilitoka mwezi wa Mei, kwa mwajiri mwingine kabisa, zikiwa zimebaki siku tisa. Nambari ya maombi nilipewa siku ile ile niliyotia sahihi, na kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilikuwa naikagua. Haikuwa ujanja. Nilikuwa najua tu tarehe yangu, na nilikuwa nimeshaamua nitafanya nini ikifika.

Kwa hivyo, ukimaliza kusoma, mpigie huyo kijana wako. Usimuulize kazi ameipata au la. Muulize viza yake inaisha tarehe ngapi. Akisita kujibu, hapo ndipo pa kuanzia.